Injini ya pikipiki ya mzee ilishika miaka kumi na nne: nilivyoifungua na nilichokikuta ndani

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mimi ni wa wale wa kusoma na kupita kimya. Nyuzi za mafundi nazisoma zote, like natoa, comment sitoi. Leo nimeona niandike yangu. Nitakayosema ndiyo yaliyotokea, na pale nilipofanya ujinga nitakiri kuwa ulikuwa ujinga.

Kwanza niweke sawa jambo moja. Mimi ni mwanamke, nafundisha kemia sekondari moja hapa Mbeya. Nasema mapema kwa sababu mtu akiandika habari za pistoni humu ndani mnamwita "kaka" mpaka page ya tano. Pia shikeni hilo la kemia, tutalirudia, na halitanipa sifa.

Sasa pikipiki yenyewe.

Ni ya Kijapani, two stroke, zile za zamani za kuchanganya petroli na oil kwa mkono. Mzee wangu alikuwa bwana mifugo huko Usangu. Alizunguka nayo kwenye maboma ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, akichanja ng'ombe, na alipostaafu ofisi ikamuuzia. Akarudi nayo nyumbani, Ilula. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napakiwa mbele, juu ya tenki, kwa hiyo naipenda.

Ila sikuifungua kwa ajili ya kuipenda.

Miaka kumi na nne iliyopita mdogo wangu, nimwite Festo, aliichukua bila kuomba. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alishuka nayo mpaka Ruaha Mbuyuni, yeye na rafiki yake walikuwa wameingia kwenye vitunguu na alitaka kuona shamba. Wakati wa kurudi, anapanda mlima Kitonga, injini ikazima. Ikagoma kabisa kuwaka. Pikipiki ikafika nyumbani juu ya lori la vitunguu, Festo ameishikilia usukani.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza mtoto ameumia au la. Aliuliza, "Ulitia oil?"

Festo akasema alinunua petroli ya chupa barabarani na muuzaji alimwambia imeshachanganywa. Mzee akasema, "Umeiendesha kavu. Umeiua." Akaisukuma stoo, akafunga mlango kwa kufuli.

Kwa wasiojua: two stroke haina oil yake pembeni kama hizi boda za sasa. Oil inaingia pamoja na petroli. Ukiweka petroli tupu, pistoni inapata moto, inavimba, inakwaruza silinda na kunasa humohumo. Mafundi wanasema imeshika. Ni kosa ambalo mwenye pikipiki hasamehi haraka.

Baada ya masika mzee aliita fundi. Fundi akakanyaga kick mara tatu, ikawa ngumu kama jiwe. "Imeshika hii mzee. Oil." Akapewa nauli akaondoka. Kesi ikafungwa.

Festo alisema siku ile aliyoirudisha kick ilikuwa inapiga vizuri, plagi tu ndiyo haikutoa moto. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwa chuo, nikampigia simu nikamwambia, "Omba msamaha yaishe." Akanijibu, "Dada, niombe msamaha wa kitu ambacho sijui kama nimefanya?" Nikamwona mkaidi. Wiki hiyohiyo akaondoka nyumbani.

Leo hii ana gereji yake ndogo Chimala, pembeni ya barabara kuu, anatengeneza boda za wapeleka mpunga. Ana mke, ana watoto wawili. Nyumbani hajalala tena. Mama alipofariki alikuja, akachimba kaburi na vijana wenzake, akala chakula cha msiba amesimama, na basi la mchana likamchukua. Yeye na mzee hawakusemeshana. Watu wa kwetu waliliona hilo, na walilizungumza kuliko walivyomzungumzia marehemu. Liliniuma sana na bado linaniuma.

Mwaka huu, kabla ya likizo ya Juni, mzee akanipigia simu. Stoo amempangisha mfanyabiashara wa nyanya, anataka kuweka matenga yake. Wanunuzi wa chuma chakavu watapita na gari siku ya Jumamosi fulani. Mabati ya zamani, majembe ya ng'ombe na pikipiki, vyote viondoke.

Nikamwambia pikipiki nipe mimi.

"Ya nini? Imekufa."

"Nitaifungua, baba."

Akacheka kidogo kwenye simu. Halafu akasema, "Haya. Injini ikizunguka kabla gari halijafika, chukua. Isipozunguka, inakwenda na mabati."

Nilikuwa na siku kumi na mbili.

Njiani kutoka Mbeya nikashuka Chimala, nikaenda gereji kwa Festo. Nilitaka vifaa tu. Nilimkuta amechuchumaa anafunga cheni ya mtu, mikono myeusi mpaka viwikoni. Nikamweleza habari ya gari la chuma chakavu. Hakuinua uso. Aliendelea kufunga cheni mpaka akamaliza, akamkabidhi mwenyewe pikipiki yake, ndipo akanawa mikono kwa sabuni ya unga na kukaa karibu yangu kwenye benchi.

"Dada, wakiibeba hiyo pikipiki, mimi sitajua mpaka nakufa."

"Kujua nini?"

"Kama niliiua kweli."

Wakuu, miaka yote hiyo nilidhani anabisha. Kumbe hata yeye hajui. Yule muuzaji wa chupa alimwambia imechanganywa, naye akaamini, ila petroli hakuinusa wala hakuangalia rangi. Sasa ni fundi, amefungua two stroke nyingi zilizokufa kwa kukosa oil, na kila akifungua moja anajiuliza.

Nikamwambia basi twende wote. Akakataa.

"Nikiigusa mimi, hata bolti moja ikikatika, itakuwa ni mimi tena. Nenda wewe. Ukitoa silinda hedi, angalia ukuta wa silinda. Kama ni oil, utaona mikwaruzo ya kushuka chini, na aluminiamu ya pistoni imeganda ukutani kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Kama ni kitu kingine utakiona chenyewe. Na kama ni oil niambie, usinifiche. Nitakuja nyumbani niombe msamaha mbele ya watu."

Akanifungashia vifaa kwenye mfuko wa mbolea: spana za boksi, nyundo, na ile bisibisi nzito ambayo ukiigonga kichwani inazungusha skrubu kidogo, wao wanaiita impact. Akaniandikia na karatasi ya maelekezo. Mwandiko wake haujabadilika tangu darasa la saba.

Nilifika Ilula jioni, tukasalimiana kikwetu, kamwene, kamwene, tukala, mzee akanipa ufunguo wa stoo. Neno la pikipiki hakulitaja.

Asubuhi nikaisukuma mpaka uani. Tairi zote zimekwisha, kiti kimeliwa na panya, lakini chuma kipo. Kwenye tundu la plagi hapakuwa na plagi. Palikuwa na gunzi la mahindi, limechongwa kwa kisu vizuri kabisa kama kizibo. Kwetu gunzi ndiyo kizibo cha kila kitu: chupa ya mafuta ya taa, dumu la maji, tundu la panya. Nikalivuta, likakatika kipande, nikatoa kilichobaki kwa msumari na kukitupa pembeni kwenye rundo la takataka. Sikufikiria chochote.

Mzee alileta kiti chake barazani, akakaa anatazama. Hivyo ndivyo alivyokaa siku zote nilizofanya kazi. Hakunisaidia, hakunizuia. Nikikwama anasema neno moja tu.

"Oil hiyo."

Sasa niwape darasa kidogo, kwa sababu wapo wenye pikipiki za baba zao stoo.

La kwanza, usiikanyage kick kwa hasira. Festo aliandika hilo kwa herufi kubwa. Injini iliyoshika ukiilazimisha unavunja meno ya kick, na ugonjwa wa pistoni unabaki palepale.

Nilichanganya dizeli na oil ile nyekundu ya gia za automatic, nusu kwa nusu, nikaimimina kupitia tundu la plagi mpaka ikajaa. Bahati nzuri pistoni ilikuwa imesimama juu, kwa hiyo dawa haikukimbilia kwenye ekzosi. Nikapima kina kwa kijiti cha ufagio na kuweka alama. Kila asubuhi nilipima tena. Dawa isiposhuka, haijapenya. Ikishuka hata upana wa kucha, imeanza kupita kwenye ringi.

Siku ya kwanza haikushuka. Ya pili haikushuka. Ya tatu vilevile.

Nikaona nisikae bure, nifungue vitu vingine. Hapo ndipo ulanzi ulipoingia.

Wasio wa kwetu, ulanzi ni pombe ya mianzi. Juni msimu unakuwa umekwisha, unaobaki kwenye madumu umechacha, haunyweki, ni mkali unakaza meno. Jirani yetu mama Tuli alikuwa na dumu zima anataka kumwaga. Mimi mwalimu wa kemia nikajiambia, pombe iliyochacha ni siki, siki ni asidi, asidi inakula kutu. Nikaliomba dumu lote. Nati, bolti, cheni, vikanyagio, vyote nikavizamisha kwenye ndoo ya ulanzi.

Wakuu, inafanya kazi. Baada ya usiku mmoja unapitisha brashi tu kutu inaondoka, chuma kinabaki cha kijivu. Osha kwa maji ya majivu, kausha, paka oil palepale. Nilijiona profesa.

Tatizo ni kwamba nilinogewa. Siku ya nne nikaitumbukiza na kabureta.

Kabureta siyo chuma, wakuu. Ni mchanganyiko wa zinki na aluminiamu, na asidi inavila hivyo kama mtoto na muwa. Nafundisha jambo hilo kidato cha tatu kila mwaka, na maswali natunga mwenyewe. Nilipoitoa kesho yake ilikuwa nyeusi, ina vishimo, na tundu moja dogo la petroli limepanuka. Nilikaa chini nikaitazama. Mzee akauliza kutoka barazani kuna nini, nikasema hakuna kitu.

Halafu harufu. Mzee wetu ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kutogusa pombe. Mwenzake wa baraza la kanisa alipita kusalimia, akaiona ndoo na kusikia harufu, akaaga mapema. Jumapili mzee aliulizwa kistaarabu kama nyumbani kuna shida. Alirudi akaniambia, "Hiyo dawa yako ifunike."

Siku ya tano asubuhi nikapima. Dawa ilikuwa imeshuka upana wa kucha mbili.

Nikampigia Festo. Akasema, "Haya, sasa toa hedi. Polepole, dada. Mimi nipo kwenye simu."

Hedi inashikwa na nati nne. Moja ilitoka bila ugomvi. Tatu zilikataa. Kwenye karatasi Festo alikuwa ameandika njia ambayo sikuwahi kuisoma kitabuni: pasha nati moto, iguse na mshumaa. Nta inayeyuka na kunywewa ndani ya uzi wa nati, mahali ambapo oil haikufika. Nikachukua makaa kutoka jikoni, nikayaweka kwenye kopo la maziwa na kuliegesha juu ya kila nati mpaka ikapata moto, nikatoa kopo, nikagusisha mshumaa. Unaiona nta inazama yenyewe.

Halafu lingine ambalo wengi hawalijui. Kabla ya kulegeza, kaza. Kaza kidogo sana, mpaka usikie imetoa mlio mmoja mdogo. Kutu imevunjika. Hapo ndipo ulegeze, robo, rudisha, robo, rudisha. Nati mbili zilitoka hivyo. Ya nne ilikatika pamoja na kipande cha bolti yake. Nilimwambia Festo, akasema, "Hiyo moja nakusamehe."

Hedi ikanyanyuka.

Nikapangusa dawa kwa kitambaa na kuinama kuangalia. Pistoni ilikuwa hapo, juu, na pembeni yake kuzunguka silinda yote kulikuwa na duara la kutu, nene, jekundu. Lakini juu ya pistoni tu. Ukuta wa chini sikuweza kuuona kwa sababu pistoni yenyewe ilikuwa imeuziba.

"Unaona nini?" Festo akauliza.

"Kutu."

Akasema, "Kutu inaweza kuja juu ya oil, dada. Injini ilikufa kwa oil, ikakaa, ikashika kutu. Hiyo haithibitishi kitu. Lazima pistoni ishuke tuone ukuta."

Alikuwa na haki ya kushangilia, na hakushangilia. Nilimheshimu sana dakika ile.

Siku nne zaidi zilipita. Dawa, maji ya moto juu ya silinda, dawa tena. Nikaweka kipande cha mti wa mlingoti, yaani mkaratusi, juu ya pistoni na kugonga kwa nyundo, siyo kwa nguvu, ni kama unabisha hodi. Nagonga katikati, nagonga pembeni, nazungusha. Mikono iliota malengelenge. Juni ya kwetu mnaijua, asubuhi vidole havikunjiki. Jumamosi ikawa inasogea na mwenye gari la chuma chakavu akapiga simu kuthibitisha kuwa siku hiyo anakuja. Mzee akamjibu, "Njoo." Nilisikia, na kwa mara ya kwanza nilimkasirikia. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, nikarudi nikaendelea.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, nikagonga na mlio ukabadilika. Ulikuwa mkavu, ukawa mzito. Nikatazama. Pistoni ilikuwa imeshuka, labda unene wa shilingi.

Sikumwita mtu. Nikagonga tena. Ikashuka tena. Nikairudisha cheni, nikaingiza gia ya juu na kulisukuma tairi la nyuma mbele na nyuma, taratibu, na pistoni ikaanza kwenda nalo, milimita, milimita, halafu kidole, halafu ikashuka yote mpaka chini.

Nikapangusa ukuta wa silinda kwa kitambaa safi.

Wakuu, ulikuwa unang'aa.

Chini ya lile duara la kutu, ukuta wote mpaka chini ulikuwa laini. Mkwaruzo hata mmoja hapana. Aluminiamu hapana. Nikapitisha kidole ndani kikatoka na utando wa oil ya zamani, nyeusi, inateleza. Iliyobaki kutoka siku ile ya Kitonga.

Nikamwita mzee. Nilisema tu, "Baba, njoo uone."

Alikuja taratibu na fimbo yake. Akavaa miwani. Aliinama muda mrefu. Yeye si fundi, lakini ameendesha two stroke miaka zaidi ya ishirini na anaijua silinda iliyokufa kwa oil. Akaweka kidole chake ndani kama mimi, akakisuguasugua na gumba.

Nilingoja aseme neno lake. Hakulisema.

Aliuliza, "Kulikuwa na gunzi hapa. Ulilitupa wapi?"

Nikaenda kwenye takataka, nikalitafuta, nikampa. Ncha yake ilikuwa nyekundu ya kutu, imeoza. Akaligeuza mkononi. Halafu akaingia ndani na kurudi na kitu kidogo kimefungwa kwenye kitambaa. Plagi. Ilikuwa kwenye sanduku lake miaka yote hiyo.

"Niliitoa siku ileile," akasema. "Ili asiiwashe tena. Gunzi niliweka nyigu wasiingie."

Bati la stoo linavuja palepale ilipokuwa imesimama, alama ya maji bado ipo ukutani. Gunzi lilikuwa linakunywa maji kila masika na kuyashikilia juu ya silinda mpaka kiangazi. Fundi alipokuja baada ya masika, injini ilikuwa imeshashika, imeshikishwa na kizibo. Mimi nilikishika kizibo hicho kwa mkono wangu siku ya kwanza nikakitupa, na ndimi ninayewafundisha watoto wa watu kwamba kutu inataka maji na hewa.

Mzee akakaa juu ya ndoo ya ulanzi iliyofunikwa. Akasema, "Mpigie mdogo wako."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikampa simu.

Festo akapokea. "Ee dada, imeshuka?"

Mzee hakusalimia. Alisema, "Festo. Gunzi niliweka mimi."

Festo akauliza, "Gunzi gani, baba?"

Neno hilo, baba, sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa miaka kumi na nne. Mzee alilisikia pia, nilimwona. Akaelezea kwa sauti ileile anayosomea matangazo kanisani: alitoa plagi, akaweka gunzi, maji yakaingia, ukuta ni mzima.

"Oil ilikuwepo," akasema. "Ulitia oil."

Upande wa pili nilisikia kelele za gereji, mtu anapiga resi boda, mwingine anaomba spana. Festo akauliza swali la kifundi.

"Kick inapiga?"

Mzee akaitazama kick. Ilikuwa bado wima, sijaigusa tangu nianze.

"Njoo uipige mwenyewe," akamjibu.

Alikuja Alhamisi na basi la kwanza, na ringi mpya, bolti ya hedi badala ya ile iliyokatika, kabureta ya mtumba na begi la nguo. Kabureta yangu ya ulanzi aliitazama, akanitazama, akaiweka mfukoni. Amesema ataitundika gereji. Kwenye magneti, panapozalishwa umeme wa plagi, alikuta waya mmoja umechubuka unagusa bodi, ndiyo maana siku ile ya Kitonga moto ulikata. Aliufunga kwa tepu, kazi ya dakika kumi. Hilo lilituuma wote zaidi ya mengine.

Jumamosi gari la chuma chakavu lilifika. Wakabeba mabati na majembe. Mmoja wao akaelekeza kidole kwenye pikipiki, mzee akamwambia hiyo ina mwenyewe.

Iliwaka jana yake, Ijumaa jioni, kick ya kumi na moja au kumi na mbili, nilipoteza hesabu. Moshi ulijaa ua mzima. Aliyepiga ni Festo. Oil alichanganya mzee, kwa mkono wake, akapima mara mbili.

Lile la mimi kuichukua nimelisamehe. Iko Chimala sasa, Festo anaendea nayo gereji.

Nililojifunza mimi ni hili. Kitu kikishika, kabla hujatafuta nyundo tafuta kwanza kimeshikwa na nini. Sisi tuliuliza swali hilo mara moja, mlangoni, siku ya kwanza, na jibu tukajipa wenyewe. Kuifungua injini kulichukua siku kumi, na tungeweza kuifungua wakati wowote. Mimi pia nilikuwa na likizo kila Juni.

Kwa wenye pikipiki stoo: ukitaka kuitunza, mimina kijiko cha oil kwenye tundu la plagi, zungusha kick mara mbili tatu, rudisha plagi. Plagi, siyo gunzi.

Mwenye swali la nta au la ulanzi aulize, la kabureta mnisamehe. Na kama kuna mtu humu ana chombo cha nyumbani kilichofungiwa pamoja na kesi yake, na angependa kuisema, aseme, nitasoma zote na safari hii nitajibu.

Uzi huu nimemsomea mzee kwenye simu kabla sijaupandisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni sawa, ila niongeze kwamba gunzi lilikuwa kavu alipoliweka.

Nimeongeza.